Ndoo Sita za Bi Shemsa

Watu wa mtaani kwangu husema sina adabu. Hawaniambii usoni, lakini nasikia. Kwenye vikao vya skuli nilikofundisha mpaka nikastaafu, na hata leo kwenye harusi na maziko, mtu mzima akisema jambo ambalo mimi najua silo, namkatiza pale pale na kumwambia silo. Sikuzaliwa hivyo. Nilikuwa mtoto wa kupigiwa mfano, wa kuinamisha kichwa na kuitika naam, na hali hiyo ilinitoka katika mwaka mmoja, mwaka niliotimiza miaka ishirini, juu ya mapaa ya Mji Mkongwe. Ningeendelea kuunyamazia mwaka huo kama si Maulidi kuja kutoka bara mwezi uliopita na kunialika chai.

Maulidi nilifanya naye kazi mwaka ule. Sasa ana kipara, bakora na wajukuu Morogoro. Alitaka tukae mahali penye upepo, akachagua mwenyewe, nami nikamfuata vichochoroni nikizungumza, mpaka tuliposimama mlangoni nikaona ni nyumba ile ya Kiponda ambayo kwa miaka thelathini na zaidi nimekuwa nikizunguka mtaa mzima ili nisipite mbele yake. Siku hizi ni hoteli. Juu ya paa wameweka bustani: vyungu vikubwa vya plastiki vilivyopakwa rangi ya udongo, maua yasiyo na harufu, matakia chini, na wageni wanaojipiga picha. Mfanyakazi mmoja alikuwa akimwagilia kwa mpira, na maji yakitiririka sakafuni hadi kwenye viatu vyetu. Maulidi akamtazama, kisha akaniuliza kwa upole hizo zingekuwa ndoo ngapi. Hakuwa na nia mbaya. Lakini chai ilinipalia, na hasira niliyodhani imekwisha ikanipanda upya, nikaagiza bili kabla hajamaliza kikombe chake.

Kazi yetu ilikuwa kuandika orodha. Ofisi moja ya muda, iliyokufa zamani na ambayo jina lake halimfai mtu tena, ilitaka kujua Mji Mkongwe una bustani ngapi: za chini, zenye miti na mabenchi, na za juu ya mapaa, ambazo hakuna aliyewahi kuzihesabu. Mkuu wetu alikuwa Bwana Othman, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni mwa shati. Siku ya kwanza alituambia kwamba mji unapungukiwa na kivuli, kila penye uwazi panasimamishwa duka, na kwamba bustani ikishaingia kwenye orodha itakuwa imelindwa. Nilimwamini moja kwa moja. Maulidi aliajiriwa kupima na kuchora. Mimi, niliyekuwa nimemaliza skuli na nikingojea nafasi ya chuo cha ualimu, niliajiriwa kwa sababu ni mwanamke, maana juu ya paa la watu haendi mwanamme ovyo.

Tulianza na bustani za chini, na huko ndiko nilikojifunza kuudhika. Forodhani tulimaliza siku moja, kwani ni mahali wazi, unaingia tu na kuhesabu. Lakini kulikuwa na vijibustani vilivyobanwa nyuma ya majengo, na kila kimoja kilikuwa na lango, na lango lina kufuli, na kufuli lina mtu wake ambaye siku hiyo hayupo. Kimoja, chenye mti mmoja wa mkungu na benchi lililovunjika mguu, kilituchukua wiki nzima. Siku ya kwanza mwenye ufunguo alikwenda mazikoni. Siku ya pili alikuwapo, ila ufunguo ulikuwa kwa mwenzake. Siku ya tatu walikuwapo wote wawili, na ufunguo upo, lakini wakataka barua. Tulipoleta barua wakasema haina mhuri, na tulipoleta yenye mhuri walikuwa wamekwenda kula. Mwishowe Maulidi aliruka ukuta, akapima, akaruka tena kutoka, na nilipokuwa naandika vipimo vyake yule mwenye ufunguo akatokea, akafungua lango kwa madaha na kutukaribisha kama anatuingiza nyumbani kwake. Ndani palikuwa na kibao cha kukataza watu kukanyaga majani. Majani yenyewe hayakuwapo.

Juu kulikuwa na taabu ya namna nyingine. Nyumba za mjini zimebanana, na ukisimama juu ya paa lako unaona paa la jirani na ua wa jirani wa jirani. Huko juu ndiko wanawake wanakoanika nguo, wanakosukana nywele, wanakokaa bila ya buibui. Kwa hiyo mwanamme hapandi kimya kimya. Hufanya kama mkwezi wa nazi, ambaye kabla hajaukwea mnazi hupaza sauti ili walio uani wajisitiri. Mimi nilikuwa natangulia kuuliza maswali yangu, Maulidi akibaki kwenye ngazi. Nikimaliza, anapiga hodi kwa sauti mara tatu, na sote tunangoja mpaka mapaa ya karibu yaitikie. Walikuwapo mabibi waliokuwa hawaitikii kwa makusudi, wamalize nguo zao kwanza. Nimewahi kumwacha Maulidi kwenye ngazi nusu saa nzima, tepu ya kupimia mkononi, akinung'unika kwamba kuchora mji mzima ni rahisi kuliko kuchora paa moja la Unguja. Mimi nami nilikuwa nikinung'unika, kwani Bwana Othman alihesabu mapaa tuliyomaliza, hakuhesabu saa tulizongoja.

Hata hivyo bustani zenyewe zilinishika moyo. Malindi nilikuta mkomamanga umepandwa ndani ya hodhi kuukuu la kuogea. Shangani palikuwa na safu za tungule na pilipili ndani ya makopo ya maziwa. Mkunazini nilikuta waridi moja tu, limepandwa ndani ya buli lililovunjika mdomo, na mwenyewe akanisimulia habari zake kwa muda mrefu kuliko yule mwenye makopo arobaini. Nilizaliwa mji ule, nikapita vichochoro vile tangu natambaa, na sikujua kwamba juu ya kichwa changu kuna mji mwingine wa kijani. Nilikuwa nikirudi nyumbani na vumbi la chokaa kwenye viganja na nikilala nikiyakumbuka mapaa moja moja.

Bustani ya Bi Shemsa ilikuwa nzuri kuliko zote. Alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, wa watu waliowahi kuwa na mashamba na majumba, na sasa alikuwa mpangaji wa ghorofa ya juu ya nyumba ile ya Kiponda: chumba kimoja kirefu, jiko, na mlango unaotokea moja kwa moja kwenye paa. Madebe ya samli aliyapanga juu ya matofali ili yasikae kwenye sakafu, na ndani yake mlikuwa na asumini, mrehani, mchaichai, mnanaa, na mkilua mmoja wa maua ya kunukia aliokuwa akiubembeleza kama mtoto mgonjwa. Chumbani palikuwa na kitanda kirefu cha kizamani, na kabati la kioo lenye vikombe ambavyo sikuwahi kuona vikitumika. Siku ya kwanza nilikwenda kwa kazi. Siku ya pili nilidai nimesahau kuandika kitu. Baada ya hapo sikutafuta tena kisingizio. Kila alasiri nikitoka kazini nilipanda kwake, akanipa chai ya mchaichai na mkate wa kumimina, na Ijumaa mseto na mchuzi wa papa, nikala nikisikiliza mazungumzo ya mapaa. Wanawake watatu wanne walizungumza kwa kupaza sauti juu ya vichochoro, wengine hata hawaonani: nani kaposwa, nani karudishwa kwao, maji yametoka mtaa gani na mtaa gani bado.

Maji ndiyo yaliyokuwa habari kubwa. Mabomba yalikauka siku tatu, siku nne, na ndoo ilipandishwa ngazi zote zile kwa mkono. Ndiyo maana Bi Shemsa hakupoteza tone. Maji aliyokoshea mchele aliyatia kwenye karai, aliyotawadhia aliyakinga kwenye beseni, na alasiri alichota kwa kopo, kila debe kopo moja, na madebe yaliyopata kivuli siku hiyo aliyaruka. Niliyaona hayo kwa macho yangu siku nenda siku rudi, kikombe cha chai mkononi. Sakafu chini ya matofali yake ilikuwa kavu kuliko sakafu ya nyumbani kwetu.

Katikati ya mwaka ofisi ilileta fomu ya pili, na miongoni mwa maswali yake lilikuwamo la bustani inamwagiliwa maji kiasi gani kwa siku. Nilimsomea Bi Shemsa akiwa amekaa kwenye kigoda. Maulidi alikuwa kwenye ngazi akingoja kuitikiwa. Nilipofika kwenye swali lile aliitazama karatasi yenye mhuri, akautazama mlango wa ngazi.

"Andika ndoo sita," akasema. "Kila siku."

Niliinua kalamu nikamtazama. Yeye akautazama mrehani wake. Nilimwelewa vizuri sana, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mtu mzima wa mjini, aliyezaliwa kwenye nyumba yenye kisima chake, aseme mbele ya mwanamme mgeni kwamba anamwagilia kwa maji ya kukoshea mchele? Hiyo ilikuwa ni kuitangaza dhiki. Tena kwake maua yalikuwa kama wageni, na mtu hasemi kwamba wageni wake anawapa makombo. Nami ni nani hata nimwandike mtu mzima kuwa muongo? Nikaandika sita. Wala hakuwa peke yake. Kila paa lilinijibu kwa ndoo, nne, tano, na bibi mmoja alisema saba baada ya kuniuliza kwanza jirani yake amesema ngapi. Nikaziandika zote kwa mwandiko mzuri.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja kilichogawiwa kwa ubao mwembamba, na upande wa pili ukikohoa unasikika. Wiki chache baadaye nilikuwa upande wangu nikila muhogo wa kukaanga, nikamsikia mhandisi aliyeletwa kukagua nyumba akimsomea Bwana Othman fomu zangu. Alisema nyumba hizi ni mawe, chokaa na boriti, na boriti ikinywa maji huoza, ikioza nyumba huanguka. Hakusema uongo. Nyumba zilikuwa zikianguka kweli, na maji ndiyo yaliyokuwa yakiziangusha. Kisha akasema paa lolote linalopata zaidi ya ndoo mbili kwa siku ni hatari, madebe yateremshwe, na ghorofa ya juu ihamwe mpaka boriti zikaguliwe. Orodha niliyoambiwa ni ya kulinda bustani ndiyo iliyomwonyesha milango ya kubisha. Nilikwenda kwa Bwana Othman nikamwambia huenda hesabu zimezidi kidogo. Akaniuliza kama mwandiko ni wangu, nikasema ndiyo. Akanijibu, kwa upole wake ule unaochosha, kwamba karatasi iliyokwisha tiwa saini haichezewi, na mwenye lalamiko aje kwenye kikao aseme mwenyewe.

Wengi hawakujali. Waliokuwa na nyumba zao waliteremsha madebe siku ya ukaguzi, na jioni wakayapandisha. Lakini Bi Shemsa alikuwa mpangaji, na mwenye nyumba alikuwa akitafuta njia ya kumtoa kwa miaka. Alikuja kwenye kikao na nakala ya fomu mkononi, anang'ara kama bwana harusi.

Tulikuwa sita chumbani: Bwana Othman, mhandisi, mwenye nyumba, Bi Shemsa ndani ya buibui lake lililopigwa pasi, Maulidi, na mimi. Maulidi ndiye aliyeanza. Alisema yeye amepima nyumba ile, na boriti za chini ya paa ni kavu. Mhandisi akamwambia mchoraji achore. Kisha Bwana Othman akamgeukia Bi Shemsa na kumuuliza kama ni kweli alisema ndoo sita.

"Nshasema," Bi Shemsa akajibu, kichwa juu. "Ndoo sita."

Ndipo Bwana Othman akaniuliza mimi. "Wewe, Salma, ulikuwa ukienda pale. Ndivyo ulivyoona?"

Bi Shemsa aliniangalia. Nilikumbuka kopo, nikakumbuka karai la maji meupe ya mchele, nikataka kusema. Lakini mbele ya wanaume wanne, nimvue nguo mtu aliyenilisha mwaka mzima? Niliinamisha kichwa.

"Ndivyo alivyosema Bi," nikajibu.

Bwana Othman akaandika. Wakubwa husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia, na guu lililovunjika likawa la mkuu mwenyewe. Bi Shemsa alipewa mwezi mmoja ahame. Tuliyateremsha madebe pamoja na majirani, moja moja, ngazi zote zile, na mengine yalipasuka njiani kwa kutu na udongo ukamwagika kwenye vidato. Walipofukua paa wakakuta boriti kavu, kama alivyosema Maulidi. Nilidhani sasa atarudishwa. Mwenye nyumba akasema maadamu paa limeshafunguliwa ni bora alitengeneze kabisa, na matengenezo hayo yakachukua miaka, na yalipokwisha palikuwa na kibao cha hoteli mlangoni. Nilikwenda ofisini mara nne kulalamika. Mara mbili Bwana Othman hakuwapo, mara moja alikuwapo ila ana mgeni, na mara ya nne alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia yeye kama yeye anasikitika, lakini ofisi haikumtoa mtu, ofisi ilitoa ushauri. Nilitoka pale nimejaa hasira. Sikujua namkasirikia nani zaidi, na siku zile nilikuwa bado nakwepa kulijibu swali hilo.

Maulidi alikuwa ameshalijibu kwa niaba yangu. Tulikuwa tukitembea kurudi makwetu siku ile ya kikao.

"Kopo moja, Salma," akasema tulipofika kwenye njia panda. "Hata mie kwenye ngazi nlikuwa nnalisikia likikwaruza karai."

Nikamuuliza mbona basi yeye hakusema. Akasema yeye alikuwa kwenye ngazi, hakuona, na mchoraji kazi yake kuchora. Tukaachana bila ya kuagana vizuri. Mwisho wa mwaka alipata kazi bara, na hatukuonana tena mpaka mwezi uliopita.

Bi Shemsa alihamia Tunguu kwa binti yake. Sikwenda kumwona kwa miezi mitatu. Kila Ijumaa nilipanga kwenda na kila Ijumaa nilipata udhuru, mvua, homa, barua ya chuo. Nilikuwa nimejitungia maelezo na nimeyahifadhi: kwamba nilinyamaza kwa ajili ya heshima yake, kwamba yeye mwenyewe alishasema na mimi nisingeweza kumkana mbele za watu. Niliyasema kimoyomoyo nikitandika kitanda, nikikosha vyombo, na kila nilipoyasema yalionekana kuwa sawa. Barua ya chuo ilipokuja kweli, nikaona siwezi kuondoka bila ya kumuaga.

Nilimkuta jikoni nyuma ya nyumba, yuko peke yake, anachambua mchele kwenye ungo. Kiwanja kilikuwa kikubwa, udongo mwekundu mzuri, na hakupanda hata mchaichai. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, akanivutia mkeka. Aliniuliza habari za mama, za mtaa, za yule mwenye waridi wa Mkunazini. Hakuuliza habari za nyumba. Nilikaa hivyo mpaka nikaona nikingoja zaidi nitaondoka na neno langu moyoni.

"Bi," nikasema, "mie nlijua si ndoo sita."

"Nnajua kama ulijua," akasema, macho kwenye ungo. "Ulikuwa umekaa pale pale nikimwagia."

Nikamwambia yale niliyoyahifadhi. Nikamwambia sikutaka kumvunjia heshima, yeye ni mtu mzima, ningeanzaje. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akaokota vijiwe viwili vya mwisho kwenye mchele, akavitupa.

"Mtu mzima akishasema, mwanangu, hawezi tena kulimeza neno lake mbele ya wanaume," akasema. "Hilo mimi nlikuwa siliwezi. Lakini wewe mtoto. Ungelisema tu, 'Bi huyu anatia chumvi, mie nimemuona na kopo lake.' Ningelikugombeza, wangelicheka, tungelirudi zetu nyumbani." Akaweka ungo chini. "Nlikuwa nnakutazama. Nlikuwa nnakungoja useme."

Yeye hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa nayo. Akanyanyuka, akauinjika mchele, akaniambia nisiende zangu mpaka nile. Wali ulipoiva akapakua sahani iliyojaa akanisogezea, nami nikakaa nikaula wote, kwa kuwa sikuweza kumwambia kwamba sina njaa.